Shukrani kwa mzee wa kivukoni Magogoni
Shikamoo mzee wangu. Nakushukuru wewe uliyemsaidia binti yangu tulipokuwa tukisubiri kivuko cha Kigamboni, naye akihangaika kutafuta namba mbili ambazo kigawo chake kikubwa cha shirika (namba kubwa kuliko zote inayozigawanya zote mbili bila baki) ni 6 na kigawe chake kidogo cha shirika (namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili bila baki) ni 72. Mimi nilimwambia azidishe tu 6 kwa 72, akakwama kwenye 432. Wewe ulimwelekeza agawanye 72 kwa 6, kisha ile 12 aiandike kama zao la namba zisizoshirikiana kigawo zaidi ya 1, yaani 1 na 12 au 3 na 4 (2 na 6 ulizikataa kwa kuwa zote hugawanyika kwa 2), na kuzidisha kila moja kwa 6. Akapata 6 na 72, kisha 18 na 24. Kwamba majibu ni mawili, hata mimi sikujua. Geti lilipofunguliwa ulipotelea katika msongamano kabla sijakuuliza jina.