Huzuni haihesabu mizani

Mhariri,

Washairi chipukizi wengi wameshikilia kwamba asiyeumia hawezi kuandika. Hutaja utafiti wa Nancy Andreasen, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1987: kati ya waandishi 30 wa warsha ya Chuo Kikuu cha Iowa, asilimia 80 waliwahi kupatwa na maradhi ya hisia, sonona ikiwamo. Kwa watu 30 waliolinganishwa nao ilikuwa asilimia 30. Kinachosahauliwa ni kwamba waandishi hao hao, wengi wao, walimweleza kuwa kazi waliifanya wakiwa wametulia. Sonona ikiwashika, kalamu ililala.

Hilo linaonekana kwenye ubeti wenyewe. Chukua mshororo wa tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, wenye mizani (silabi) 16: ukwapi, yaani kipande cha kwanza, 8 na utao, kipande cha pili, 8. Mwenye msiba wa jana huandika: "Nalia mie nalia, machozi yanibubujika." Hesabu utao: mizani 9. Hata ungetimia, kilio kimetajwa mara mbili kabla ya koma na marehemu bado hajaonekana. Miezi ikipita, huandika: "Kikombe chake mezani, sina moyo wa kuosha." Nane kwa nane, na kulia hakumo.

Kwa hiyo siku za mwanzo achana na vina. Andika nathari, kwa utaratibu wa James Pennebaker, mwanasaikolojia wa Marekani, ambao matokeo yake yalitoka mwaka 1986: dakika 15, siku 4 mfululizo, bila kujali tahajia, na karatasi asiione mtu. Tegemea kujisikia vibaya zaidi mara umalizapo. Wanafunzi wake yaliwapata hayo, ingawa miezi 6 iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya juujuu.

Kinachoharibu ni kurudia lawama ile ile, ukurasa wa siku ya 4 ukawa nakala ya siku ya 1. Huko ni kutonesha kidonda. Siku ya 3 jiulize kwa nini; siku ya 4 andika kama kwamba wewe ndiye yule unayemlaumu. Likikuzidi nguvu, acha. Usingizi na hamu ya kula vikipotea wiki 2, hilo ni la daktari, si la ukurasa wa mashairi.

Karatasi zifungie kabatini. Siku ya kuzitoa usihamishe sentensi, okota vitu: kikombe, kandambili, risiti ya duka la dawa. Vina vitafutwe baadaye. Na tafadhali, "jamani" na "ewe Mola" zisiwe za kujazia mizani.

Mhakiki wa mashairi,
Tanga