Nanga zinaua matumbawe ya Misali

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Naomba nafasi niseme kuhusu kisiwa cha Misali, hapa kwetu magharibi ya Pemba, maana hili jambo linaniuma na sioni likisemwa.

Siku hizi watu wanapiga sana safari ya Misali, wageni wa mahoteli na sisi wenyewe siku za skukuu, na mimi kwa kweli nafurahi kwa sababu kuna Wapemba wamezaliwa Chake wamekua mpaka wana wajukuu na Misali wanaiona kwa mbali tu, na ukitokea bandari ya Wesha si mbali. Nendeni jamani. Kuna kasa wanapanda kutaga mchangani, kuna popo wetu wa Pemba ambae hapatikani nchi nyengine yoyote, na ukitia uso majini tu unaona samaki wa kila rangi. Ila chukueni maji ya kunywa ya kutosha, kisiwani hakuna kisima.

Sasa tatizo ni nanga. Boti inafika upande wa magharibi pale matumbawe yanaposhuka ghafla, nahodha anatupa nanga popote, wageni wanaruka, alafu mkondo unavuta boti na mnyororo unaburura huku na huku kule chini unavunja kila unachokigusa. Nimeona kwa macho yangu, nimezamia pale nikakuta matumbawe yamelala vipande vipande meupe. Na wengine bamvua ikitoka wanasimama juu yake na mapezi yao wapige picha. Watu wanadhani lile ni jiwe tu, lile ni viumbe hai, vidogo vidogo vimejenga pamoja, na yale matumbawe makubwa ya mviringo yanakua kama sentimita 1 kwa mwaka, basi likifika kimo cha mtu mzima ujue limeanza zaidi ya miaka 150 nyuma, karibu na enzi za Sultani Sayyid Said. Nanga inalivunja kwa dakika.

Mwaka 1998 bahari ilipata joto kali matumbawe ya Misali mengi yakageuka meupe yakafa, na mpaka leo kuna sehemu zinajivuta kurudi. Joto lile sisi hapa Pemba hatuna la kulifanya, lakini nanga iko mkononi mwetu.

Na kuna suala la haki hapa. Mwaka huo huo 1998 Misali ikawekwa chini ya hifadhi, wavuvi wakaambiwa sehemu ya magharibi isivuliwe tena, na wale ni watu ambao baba zao na babu zao wakipiga dago, yaani kambi ya uvuvi, pale miaka yote. Masheikh wakakaa nao wakawafahamisha kwamba bahari ni amana, wengi wakakubali, na haikuwa rahisi kwa mtu mwenye watoto wa kulisha. Leo mvuvi na ngarawa yake akisogea pale anafukuzwa, na anakaa anaangalia boti ya injini mbili inatupa chuma juu ya yale yale matumbawe aliyoambiwa ayaachie. Mimi naona huyo mvuvi ana haki ya kukasirika, na akikasirika akaacha kulinda hakuna askari wa doria atakaeweza kuziba pengo lake.

Kwaiyo naomba wahusika waweke maboya ya kufungia boti upande ule wote, na boya likikosekana nahodha atafute mchanga mtupu au awashushe wageni ufukweni waogelee kutokea huko. Na wewe unaelipia safari muulize nahodha kabla hujapanda, nanga yako unatia wapi? Akiona kila abiria anauliza atabadilika. Kiingilio kinakusanywa pale kila siku, kamba na maboya yanunuliwe kabla kaskazi haijaingia, maana ndio wakati maji yanakuwa safi na boti zinajaa.

Msomaji wenu,
Chake Chake, Pemba