Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mizani peke yake haitoshi kwa mtoto mwenye ugonjwa wa ini

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa ajili ya watoto wachanga wenye ugonjwa wa ini, ambao tunawapima kliniki kila mwezi na kuwaandikia kwamba wanakua vizuri.

Ini likiharibika, tumbo hujaa maji, na ini lenyewe na bandama huvimba. Vyote hivyo vina uzito. Mtoto ananing'inizwa kwenye mizani, mshale unapanda, nukta inabaki kwenye eneo la kijani la kadi, mama anapongezwa na kurudi nyumbani. Mvue nguo mtoto huyo umtazame. Tumbo limekaza linang'aa, mishipa imejichora juu yake, kitovu kimechomoza. Lakini makalio yamenyauka na ngozi ya mapaja imelegea. Kilichoongezeka pale ni maji.

Na chakula hakimfikii. Nyongo, majimaji ya ini yanayosaidia kusaga mafuta, isiposhuka kwenye utumbo, mafuta ya maziwa yanapita tu, na vitamini A, D, E na K zinapotea nayo. Mama atanyonyesha usiku kucha na mikono ya mtoto itazidi kusinyaa. Vitamini K ikipungua damu haigandi. Wapo ambao dalili iliyowashtua wazazi ni damu kutokatika pale walipochomwa sindano ya chanjo.

Kipimo cha kweli tunacho, tena cha bei ndogo: utepe wa kupima mzingo wa mkono. Maji ya tumboni hayajazi mkono wa juu. Tumezoea kuutumia kuanzia miezi 6, lakini mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitaja mzingo ulio chini ya milimita 110 kuwa dalili ya hatari kwa mtoto wa kuanzia wiki 6 hadi kabla ya miezi 6. Urefu nao upimwe kwa ubao, mtoto amelala, watu wawili wakimnyoosha. Kazi hiyo inarukwa mno foleni ikiwa ndefu.

Wiki ya 6 ndiyo inayoniumiza zaidi. Siku hiyo, ya 42, watoto huletwa kuchanjwa. Ambaye mirija yake ya nyongo imeziba anahitaji upasuaji wa Kasai, unaounganisha ini na utumbo ili nyongo ipite, na matokeo huwa bora ukifanyika kabla ya siku 60. Zimebaki siku 18! Muuguzi amtazame macho karibu na dirisha kama yana manjano, amuulize mama kinyesi kina rangi gani. Kikiwa cheupe kama chokaa, si cha kusubiri. Badala yake akina mama bado wanaambiwa wamuanike mtoto jua la asubuhi, na jua halizibui mirija. Taiwan ilianza mwaka 2004 kuwapa wazazi nchi nzima kadi yenye picha za rangi za kinyesi; sisi tuzichape ndani ya kadi hii hii ya kliniki.

Naomba Wizara itoe waraka kwa vituo vyote: mtoto yeyote mwenye macho ya njano baada ya wiki 2, au tumbo lililojaa, asiandikiwe maendeleo mazuri kwa uzito tu. Apimwe mkono na urefu, vipimo viandikwe kwenye kadi yake, na apewe rufaa siku hiyo hiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mstaafu wa kliniki ya mama na mtoto, Morogoro