Barua ya Kufunga Muhula: Mabadiliko katika Kipindi cha Michezo

Ndugu wazazi na walezi,

Pamoja na ripoti ya maendeleo ya mtoto wako, naomba usome barua hii, kwa kuwa inahusu jambo lisiloonekana katika alama: namna walimu wetu wa michezo walivyotumia matokeo ya utafiti kubadili ufundishaji wao.

Mwanzoni mwa muhula, mmoja wao alikaa kando ya uwanja na saa mkononi, akamfuatilia mtoto mmoja wa darasa la nne kwa kipindi kizima cha dakika 40. Sehemu kubwa ya kipindi mtoto yule alisimama mstarini akingoja zamu, kwa sababu mpira ulikuwa mmoja. Jambo hilo lilitusikitisha, kwani mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya wastani hadi makali.

Tangu hapo watoto hucheza katika makundi ya wanne wanne, kila kundi na mpira wake, mingi ikiwa ya matambara waliyoyafunga wenyewe. Hata rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, imebadilika. Zamani aliyepigwa alitoka, na aliyetangulia kutoka alikuwa yuleyule asiye mwepesi, ambaye ndiye anayehitaji mazoezi kuliko wenzake. Sasa aliyepigwa huruka kamba mara kumi, kisha hurudi katikati. Nimemwona binti aliyezoea kuomba ruhusa kila siku ya michezo akirudi mara tatu, jasho likimtiririka, akawa wa mwisho kwenda kunawa.

Baadhi yenu mmeniomba kipindi hiki kigeuzwe cha Hisabati kwa darasa la saba. Wasiwasi wenu nauelewa, lakini ombi hilo sitalikubali. Mwaka 2010 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, ilipitia tafiti 50 kuhusu mazoezi shuleni na ufaulu, na kwa ujumla ikaona kwamba muda huo ama husaidia masomo ama hauyadhuru.

Muhula ujao kila mtoto aje na raba na chupa ya maji. Wakati wa likizo, tafadhali wapeni nafasi ya kucheza jioni, hasa wasichana, ambao kazi za nyumbani huwamalizia muda huo wote.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mkuu