Barua kwa Rehema: faili za majaribio zijikague zenyewe

Kwako Rehema,

Salamu nyingi, natumaini hujambo na kazi inakwenda.

Kuhusu swali lako la kukagua faili za majaribio za HTML na CSS kila mtu anapotuma mabadiliko, anza na vnu.jar, kikaguzi kilekile kinachotumika validator.w3.org/nu. Usizitume faili kule moja moja. Kipakue, hakikisha Java ipo, kisha:

java -jar vnu.jar --errors-only --skip-non-html majaribio/

Kwa faili za .css, rudia amri hiyo ukiweka --skip-non-css mahali pa --skip-non-html. Kipe folda nzima kwa mkupuo mmoja, kwa sababu Java huchukua muda kuwaka, na kuiwasha upya kwa kila faili ni kupoteza dakika bure. Kikikuta kosa kinarudisha namba 1 (0 maana yake hakuna kosa), na seva inayoendesha ukaguzi kila mabadiliko yanapotumwa itasimamisha kazi. Angalia hapa: ukipitisha matokeo kwenye tee (amri ya kuyaonyesha na kuyahifadhi kwa pamoja) bila set -o pipefail, inayoifanya kosa la amri ya kwanza lisipotee, seva itaona 0 ya tee, na makosa yatapita kama hayapo.

Usidharau kosa la kukosekana kwa <!DOCTYPE html>. Bila mstari huo kivinjari huingia katika hali ya kuiga vivinjari vya zamani, na humo width: 100 isiyo na px inakubaliwa. Jaribio lako la CSS litafaulu kwa sababu isiyo yake. Siku mtu akiuongeza mstari huo, tamko lile litapuuzwa na jaribio litaanguka, nanyi mtatafuta kosa kwenye programu ambayo haina kosa.

Kazi kubwa iko kwenye faili zilizoharibiwa makusudi, zile za kupima kivinjari kinavyofanya kikikuta lebo isiyofungwa. Wengi huziruka tu, au huweka ujumbe wake kwenye --filterfile, yaani faili ya ujumbe usiotakiwa kuonyeshwa. Kichujio hicho kinagusa faili zote: ukificha lebo isiyofungwa huku, umeificha kila mahali. Nazo zikirukwa, kihariri kinachopanga msimbo chenyewe kinaweza kuifunga lebo ile, na jaribio litaendelea kufaulu huku halipimi kitu.

Ziweke kando, kwa mfano majaribio-mbovu/, kisha udai makosa yake yawepo. Mradi wa kikaguzi chenyewe hufanya hivyo: faili mbovu huishia na -novalid.html, na ujumbe unaotarajiwa umo katika messages.json. Wewe endesha kwa --format json --stdout --exit-zero-always (ya mwisho hurudisha 0 hata makosa yakiwepo), linganisha matokeo na nakala uliyohifadhi. Ondoa url kwanza, maana hubeba njia kamili ya faili kwenye mashine, na ya seva hailingani na ya kwako. Namba za mistari nazo ningeziacha nje. Mtu akiongeza maoni mwanzoni mwa faili, zinasogea zote.

Ukikwama kwenye kulinganisha, nitumie faili mbili tatu nizione.

Wako,
Hamisi