Kuchonga sabuni Jumamosi: tumebadili mahali

Habari za jioni ndugu zangu. Jumamosi saa 3 asubuhi tukutane uani kwangu Kirumba, si ufukweni tena. Upepo wa ziwani unawapeperushia watoto unga wa sabuni machoni.

1. Njoo na kipande cha sabuni ya mche, mpya. Iliyokaa sana hukauka ikapasuka. Juzi pezi la samaki wangu wa sabuni, sato, lilikatika nikiwa namalizia magamba, iliniuma kweli.
2. Kisu butu cha mezani, vijiti vya meno.
3. Sh 2,000 ya chai na maandazi, mwisho Ijumaa jioni.

Mabaki tusitupe, tutayaloweka yawe sabuni ya kunawia.

Tafadhali andika "Nakuja" na idadi ya watoto wako, leo kabla ya saa 4 usiku. Asanteni sana.