Majengo ya kale ya Iringa ni sehemu ya afya yetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hapa Iringa tumezoea kuwaachia watalii na wanafunzi wa historia, ilhali mimi naliona kuwa ni jambo la afya. Nazungumzia majengo na mahali pa kale tunapopita kila siku, na jinsi yanavyotutuliza au kutuumiza.

Mume wangu alipofariki, baada ya kuanua matanga na wageni kutawanyika, nilishindwa kabisa kukaa ndani ya nyumba. Wifi yangu hakunipa ushauri wowote. Alikuja jioni moja, akanishika mkono, tukapanda Gangilonga, lile jabali ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na ambalo wazee husimulia kwamba Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alikuwa akilipanda kutafakari. Tulikaa kimya tukiutazama mji hadi taa zikawaka. Sikupona siku ile, lakini usiku ule nililala. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, maana upepo na mandhari vinapatikana katika vilima vingi vya kwetu. Naamini ni kwa sababu pale nilijua kwamba wengine waliofiwa kabla yangu walikwisha kukaa palepale, na huzuni yangu ikapata wenzake.

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaitaja afya kuwa ni ustawi kamili wa mwili, akili na jamii, wala si kukosa maradhi tu. Huko Uingereza, shirika la National Trust, ambalo hutunza majengo na ardhi za kihistoria, lilitoa mwaka 2017 ripoti ya utafiti uliopima ubongo wa watu kwa mashine, ikaonekana kwamba mahali penye maana kwa mtu huamsha hisia zake kwa nguvu kuliko hata picha au pete anayoithamini.

Najua yupo atakayeuliza: jengo la mkoloni litamtulizaje mtoto wa Uhehe? Swali hilo ni la haki. Boma letu lilijengwa na Wajerumani yapata mwaka 1900, miaka michache tu baada ya Mkwawa kujipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe akiwa hai. Kuta zile zina uchungu ndani yake, na sipendi tuzisifie kwa uzuri wa mawe peke yake. Lakini tangu mwaka 2016 Boma ni makumbusho ya mkoa, na nilipompeleka mjukuu wangu nilimsikia akiuliza juu ya vitu vya nyumbani vilivyowekwa pale, nami nikamweleza vilivyotumika jikoni kwa mama yangu. Ndani ya jengo lilelile walimotawala wageni, mtoto alikuwa akijifunza habari za mama mzaa bibi yake.

Kalenga, kijiji kilichokuwa ngome ya Mkwawa na ambako fuvu lake limehifadhiwa, inatufundisha zaidi. Fuvu la Mkwawa lilipelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukaagiza lirudishwe, lakini halikurudi hadi mwaka 1954, Twining, gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, alipolikabidhi. Hesabu miaka hiyo, Mhariri, tangu kifo chake: ni miaka 56 ya msiba usioanuliwa matanga. Aliyewahi kufiwa na mtu ambaye mwili wake haukupatikana anaelewa jambo hili bila kuelezwa. Ndiyo maana sikubali kabisa kauli kwamba kutunza Kalenga ni anasa ya watu wenye fedha.

Hofu yangu kubwa hata hivyo iko mjini, kwenye nyumba zisizo na kibao wala mlinzi. Karibu na soko palikuwa na nyumba ya zamani yenye baraza pana, ambapo wazee wanne au watano walikuwa wakicheza bao tangu mchana hadi adhana ya magharibi. Mwenye nyumba aliibomoa apate kujenga maduka, na sheria ilimruhusu. Maduka ni mazuri, lakini hayana baraza. Mmoja wa wazee wale ni jirani yangu. Siku hizi hushinda peke yake uani, na wanawe wanahangaika kutafuta dawa ya unyonge wake, kana kwamba ugonjwa huo umeanzia mwilini.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mengine yote hubidi yatangazwe na waziri mwenye dhamana. Mji huu wa juu kilimani ulianzishwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, kwa hiyo hakuna hata nyumba moja ya mjini inayolindwa kwa umri wake pekee. Wengi wetu tunadhani serikali imekwisha kuyalinda, na katika kudhani huko tunayapoteza.

Naiomba halmashauri ya manispaa yetu iandae orodha ya nyumba hizi mtaa kwa mtaa, na itunge sheria ndogo ili kabla ya kibali cha kubomoa kutolewa, wakazi watangaziwe na wasikilizwe. Wamiliki nao wasiachiwe mzigo peke yao, kwani paa la zamani hula fedha. Wapunguziwe ada zilizo chini ya mamlaka ya halmashauri. Na pale jengo jipya linaposimama mahali pa la zamani, ramani yake iwe na baraza.

Ninazo picha kadhaa za mtaa ule wa soko, mojawapo ikionyesha baraza la wazee kabla halijabomolewa. Nitampa kwa furaha yeyote atakayeianza orodha hiyo.

Mwalimu mstaafu,
Kihesa, Iringa